Jinsi ya Kuchagua Matairi ya Misimu Yote Yanayoimudu Theluji

Desemba ya kwanza niliyoendesha gari Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, nilifika kwenye taa za barabarani kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli, nikakanyaga breki, na gari likaendelea na safari yake kana kwamba sikukanyaga kitu. Lilipita mstari mweupe, likapita kivuko cha waenda kwa miguu, likasimama katikati ya njia panda likiwa limekaa upande. Bahati njema hapakuwa na gari jingine. Nilipotulia niliegesha pembeni nikainama kuyatazama matairi ambayo muuzaji wa gari, wiki mbili kabla, alikuwa amenihakikishia kwamba ni ya misimu yote na kwamba yana maisha marefu mbele yake. Herufi M+S zilikuwepo ubavuni kama alivyosema, na kashata zake, yaani mpira uliochongwa mifereji unaogusa barabara, zilionekana nzuri kwa jicho la mtu aliyezoea barabara za Nakuru. Sikujua bado kwamba herufi hizo hazikuahidi chochote kuhusu kusimama juu ya theluji, wala kwamba kashata inayotosha kwa mvua ya Nakuru haitoshi kwa Desemba ya Minnesota.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayeishi mahali panapoanguka theluji, ambaye matairi yake yamekwisha au yanakaribia kwisha, na ambaye hana nafasi, fedha au subira ya kuweka seti mbili za matairi na kuzibadilisha kila Novemba na kila Aprili. Anataka seti moja itakayokaa kwenye gari mwaka mzima na isimwaibishe Januari. Seti ya namna hiyo ipo, ila jina lililo kwenye tangazo la duka halitoshi kuitambua.

Alama mbili za ubavuni

Matairi ya misimu yote ni zao la Marekani zaidi kuliko la nchi nyingine yoyote. Goodyear walileta Tiempo mwaka 1977, tairi la radiali (ambalo nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine) lililouzwa kama tairi la mwaka mzima, na tangu hapo madereva wengi wa Marekani hawakuona tena haja ya kubadilisha matairi kila msimu. Jina likazoeleka, na kwa kuzoeleka likapoteza uzito wake. Leo tairi la misimu yote laweza kuwa tairi linaloimudu theluji vizuri, na laweza pia kuwa tairi la kiangazi kwa kila kitu isipokuwa jina.

Alama ya kwanza ya kuangalia ni M+S, ambayo wakati mwingine huandikwa M&S au M/S na humaanisha matope na theluji. Alama hii inahusu umbo tu. Mtengenezaji huruhusiwa kuichapa ikiwa mifereji na mianya ya tairi imechukua sehemu fulani ya uso wake, takriban robo, na imepangwa kwa namna iliyokubaliwa. Hakuna anayelipeleka tairi hilo kwenye theluji kabla ya kulipa alama, wala hakuna anayeuliza mpira wake umetengenezwa kwa mchanganyiko gani. Karibu kila tairi la misimu yote linalouzwa Amerika Kaskazini lina M+S, kwa hiyo alama hiyo haimsaidii mnunuzi kutenganisha jema na baya.

Alama ya pili ni picha: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Ilianza kutumika mwaka 1999 kwa makubaliano ya watengenezaji wa matairi wa Marekani na Kanada, na hii hutolewa kwa jaribio. Tairi huvutishwa juu ya theluji iliyoshindiliwa, mshiko wake hupimwa, na ili lipewe alama ni lazima lilishinde tairi maalumu la kulinganishia kwa angalau kama asilimia 10. Msomaji asiyekumbuka kitu kingine katika maelezo haya akumbuke picha hiyo, na asinunue tairi la theluji bila kuiona kwa macho yake ubavuni, kwa sababu tairi lenye jina lile lile laweza kuwa nayo katika saizi moja na kuikosa katika nyingine.

Sheria nazo zimeanza kuelekea kwenye picha hiyo. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, haiyatambui tena matairi yenye M+S peke yake kuwa matairi ya majira ya baridi. Quebec inadai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na seti ya mwaka mzima inakubalika huko mradi ina mlima na chembe ya theluji. British Columbia, kwa upande wake, bado inaikubali M+S katika barabara zake nyingi za milimani, lakini inataka kashata isipungue milimita 3.5.

Jambo ambalo picha ile hailisemi

Hapa ndipo wanunuzi wengi waliojifunza kuitafuta alama hujikwaa. Jaribio la Amerika Kaskazini hupima jinsi tairi linavyoshika wakati gari linajivuta kuondoka. Halipimi umbali wa kusimama, halipimi kona, na halihusu barafu hata kidogo. Kuondoka kwenye theluji ni jambo jema, lakini hakuna aliyegonga mti kwa sababu ya kushindwa kuondoka. Matairi mawili yenye alama ile ile yaweza kutofautiana sana pale breki inapokanyagwa, ndiyo maana alama ichukuliwe kama mlango wa kuingilia, kisha uchaguzi wenyewe ufanywe kwa kusoma majaribio ya breki yaliyofanywa na watu wasiouza matairi hayo. Nchini Marekani gazeti la Consumer Reports hupima mshiko kwenye theluji na kusimama kwenye barafu kila kimoja peke yake. Duka la Tire Rack nalo huchapisha majaribio yake ya theluji, ingawa msomaji akumbuke kwamba duka linauza. Walio Ulaya wanalo shirika la wenye magari la Ujerumani, ADAC, ambalo majaribio yake ya matairi ya misimu yote huchapishwa mara kwa mara.

Unaposoma majaribio hayo, tafuta mistari miwili: kusimama kwenye theluji na kusimama kwenye barafu. Usiridhike na alama ya jumla, kwa sababu ya jumla huchanganya kelele, starehe, matumizi ya mafuta na uimara, na tairi laweza kupanda juu katika orodha kwa upole wake wa kiangazi huku likiwa dhaifu mahali unapolihitaji.

Barafu yahitaji neno lake. Theluji iliyoshindiliwa humpa dereva kitu cha kukamata: kashata huijaza mifereji yake kwa theluji, na theluji iliyo ndani ya mfereji hushikana na theluji iliyo chini, kwani theluji hushika theluji kuliko mpira unavyoishika. Ndiyo sababu tairi jema la theluji hutoka barabarani likiwa limejaa weupe, na mgeni hudhani limeziba. Barafu haina cha kukamata, na ile iliyo karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, yenye utando wa maji juu yake, huteleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika hali hiyo hakuna tairi la mwaka mzima linalofikia tairi halisi la majira ya baridi. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Superior, au anayepanda kilima chenye barafu kila alfajiri kwenda zamu ya hospitali, ninamshauri anunue seti mbili. Mwongozo huu hautamfaa sana.

Aina tatu, na nani anunue ipi

Matairi utakayoonyeshwa dukani yamegawanyika makundi matatu. La kwanza ni matairi ya kawaida ya misimu yote, yenye M+S tu. Haya hudumu sana: Michelin Defender2, kwa mfano, huuzwa na dhamana ya maili 80,000. Yanamfaa mtu wa Atlanta au Dallas, ambako theluji ikianguka shule hufungwa na busara ni kubaki nyumbani.

La pili ni yale ambayo maduka ya hapa huyaita matairi ya hali zote za hewa. Hukaa kwenye gari mwaka mzima, lakini yana ile picha ya mlima. Kampuni ya Nokian ya Finland imekuwa ikiyatengeneza kwa miaka mingi chini ya jina la WR. Michelin walileta CrossClimate Ulaya mwaka 2015, na CrossClimate 2 ikafika Amerika Kaskazini mwaka 2021. Goodyear wana Assurance WeatherReady, Bridgestone wana WeatherPeak, Toyo wana Celsius. Kundi hili ndilo jibu la swali letu kwa watu wa Minneapolis, Chicago, Columbus, Buffalo, Toronto na miji mingine ambayo magari ya kukwangua theluji hupita mapema na chumvi humwagwa kwa wingi. Gharama yake ni kwamba mengi hayadumu sawa na yale ya kundi la kwanza. Dhamana ya CrossClimate 2 ni maili 60,000. Mimi naona maili hizo 20,000 ni bei ndogo, lakini dereva wa teksi anayepiga hesabu ya kila kilomita anaweza kuona vingine.

La tatu ni matairi ya majira ya baridi tu. Mpira wake ni laini mno kwa joto. Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam huenda wameyaona bila kuyajua: magari yaliyotumika yanayoshuka bandarini kutoka Japani mara kwa mara huja yamevaa matairi yenye neno STUDLESS ubavuni, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mikoa ya baridi kama Hokkaido. Mwenye gari hufurahi kwamba kashata bado ni nene, kisha hushangaa anapoona lami ya pwani inavyozila. Tairi hilo si bovu. Limepelekwa mahali pasipo pake, kama lilivyo tairi la kiangazi huku kwetu.

Siri ya mambo haya yote imo ndani ya mpira. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na mpira mgumu haujikunji kufuata vijishimo vya barabara. Watengenezaji huongeza unga wa madini uitwao silika na kubadilisha mchanganyiko ili ubaki laini kwenye baridi bila kuyeyuka kama ubani wakati wa Julai. Kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo maana tairi jema la kundi la pili si la bei ya chini kabisa.

Ukilitazama tairi lenyewe

Inama karibu na uso wa tairi dukani uangalie mambo mawili. Kwanza, juu ya kila kashata kuwe na mikato myembamba mingi, mingine yenye umbo la mawimbi, upana wake kama unene wa kucha. Mikato hiyo hufunguka tairi linapokanyaga na kuumba kingo ndogo ndogo zinazouma theluji; tairi lisilo nayo, hata likiwa na kashata kubwa za kutisha kama za gari la shambani, hubebwa juu ya theluji iliyoshindiliwa kama sabuni juu ya vigae. Chunguza pia mikato hiyo imeshuka kiasi gani, kwa sababu katika matairi ya bei rahisi huishia juu juu, na baada ya mwaka mmoja kashata hubaki kipara chenye mifereji.

Pili, angalia kama mchoro umekaa kama herufi V. Mchoro huo husukuma maji na theluji inayoyeyuka kwenda pembeni, na tairi la namna hiyo huwa na mshale ubavuni unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka. Ukilinunua, fundi alifunge mshale ukielekea mbele, na katika kuzungusha matairi yahamishwe mbele na nyuma upande ule ule tu. Nimewahi kuondoka gereji na tairi moja likiwa limefungwa kinyume. Niligundua nyumbani wakati nikitoa theluji kwenye viatu.

Saizi, uzito na mwendo

Saizi sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Isome hapo, usiisome kwenye matairi yaliyopo, kwa kuwa aliyekuwa na gari kabla yako huenda alifunga alichokipata. Tuchukue 215/55R17 94V, kipimo kinachovaliwa na Toyota Camry nyingi. 215 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 55 ya upana huo. R ni radiali. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 94 inamaanisha kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 670, na V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Namba ya uzito usiishushe kamwe. Wenye magari ya umeme wawe waangalifu zaidi, maana betri ni nzito na magari hayo mara nyingi huhitaji tairi la mzigo wa ziada.

Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu saizi mbili, na wewe unayo nafasi ya kuchagua rimu, chukua ile nyembamba yenye rimu ndogo. Tairi jembamba hupenya theluji hadi chini, tairi pana huielea. Ubavu mrefu nao huvumilia mashimo yanayochimbika barabarani Machi barafu inapoyeyuka, ambayo huku huvunja rimu za inchi 19 kwa ukatili ambao mtu wa Thika Road angeutambua.

Kuna namba nyingine ubavuni inayowapotosha wengi: daraja la serikali ya Marekani la uimara, mshiko na joto. Herufi ya mshiko hapo, iwe AA au A, hutokana na jaribio la kusimama kwenye lami na zege iliyolowa. Haihusu theluji. Muuzaji akikuonyesha AA kama ushahidi wa uwezo wa theluji, ama hajui ama anakujaribu.

Ni lini ubadilishe

Katika majimbo mengi ya Marekani sheria huliona tairi limekwisha kashata ikifika 2/32 ya inchi, yaani milimita 1.6. Kwa theluji kiwango hicho ni mzaha. Tairi jipya la gari dogo huja na 10/32 au karibu na hapo, na kwa kuwa mshiko wa theluji unategemea theluji inayoingia mferejini, mfereji ukipungua mshiko hupungua nao. Kizingiti cha busara ni 6/32, kama milimita 4.8. Chini ya hapo, usiingie nalo majira ya baridi ukitumaini.

Huna haja ya kifaa. Chukua senti moja ya Marekani iliyopigwa kati ya 1959 na 2008, yenye sura ya Lincoln upande mmoja na jengo lake la kumbukumbu upande wa pili. Igeuze juu chini, upande wa jengo ukikutazama, uichomeke kwenye mfereji wa kati. Paa la jengo likifunikwa na kashata, unazo 6/32 au zaidi. Paa likionekana lote, ondoa senti, chukua robo dola na uitumbukize kichwa cha Washington kikiwa chini: kashata ikigusa nywele zake una 4/32, inayotosha kwa mvua lakini si kwa theluji. Rudia mfereji wa ndani na wa nje, tena kwa matairi yote manne. Senti yangu, siku ile baada ya kuvuka taa, iliniachia paa zima wazi, na upande wa ndani wa tairi la kulia mbele ulikuwa umekwisha kuliko pote kwa sababu magurudumu hayakuwa yamenyooshwa.

Jambo hili lina maana moja ya fedha ambayo watu huikwepa: tairi la misimu yote utakalolitegemea kwenye theluji halitumiki hadi mwisho wake wa kisheria. Maili za dhamana huhesabu mpaka 2/32, ilhali wewe utaliacha kwenye 6/32. Hesabu bei ya tairi kwa maili utakazozitumia kweli, na hapo utaona kwamba tairi la bei rahisi lililokuja na kashata ya 9/32 si rahisi kama lilivyoonekana mbele ya lile la 10 au 11. Anza kutafuta Septemba au Oktoba. Siku ya theluji ya kwanza foleni za gereji huwa ndefu, saizi za kawaida huisha, na muuzaji hana sababu ya kupunguza bei.

Mawili au manne

Ukimudu, badilisha yote manne. Ukibadilisha mawili, mapya yakae nyuma hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, na hata kama fundi atakuambia vingine. Mbele kukiteleza, gari huendelea moja kwa moja na dereva wa kawaida hujua kupunguza mwendo. Nyuma kukiteleza, mkia huja mbele, na wengi wetu hatujui la kufanya hadi tumekwisha kutazama tulikotoka. Magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne mfululizo, kama Subaru, hayavumilii tofauti kubwa ya kashata baina ya matairi, kwani mzunguko usiolingana huchosha giaboksi. Kwa hayo ama manne ama hakuna.

Nalisisitiza hili kwa sababu jirani yangu wa kutoka Bukavu aliamini kwamba gari lake la magurudumu manne halihitaji matairi mema. Magurudumu manne husaidia kuondoka. Wakati wa kusimama kila gari lina breki nne, na kinachogusa ardhi ni mpira ule ule.

Matairi yaliyotumika, ambayo wengi wetu tuliyazoea nyumbani, ninayakataa kwa kazi hii. Muuzaji wa mitumba huonyesha kashata lakini haonyeshi umri wala pancha iliyozibwa karibu na ubavu, na mpira mkuukuu huwa mgumu hata ukiwa na kashata nene.

Siku ya kufunga

Uliza bei ya mwisho, si bei ya tairi. Ndani yake kuwe na kufunga, kubalansi, vali mpya au huduma ya vihisi vya upepo (magari madogo yote ya Marekani kuanzia modeli za 2008 yana mfumo huo), na ada ya kuyatupa ya zamani. Kisha, kabla tairi la kwanza halijapanda kwenye rimu, omba uyaone. Tafuta mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwake, ambapo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi msimbo mzima huchapwa upande mmoja tu, nao ukiangalia ndani baada ya kufungwa itabidi ulale chini ya gari kuusoma. Mimi hukubali tairi lenye mwaka mmoja, hulalamika kwa lenye miaka miwili, na hulirudisha lenye miaka mitatu. Angalia na ile picha ya mlima mara ya mwisho, kwenye kila moja.

Mwombe fundi akaze nati kwa spana ya kipimo, kisha urudi zikaguliwe baada ya maili 50 hadi 100. Nyoosha magurudumu siku hiyo hiyo kama matairi ya zamani yalikuwa yameliwa upande mmoja, la sivyo mapya yataliwa vivyo hivyo. Tunza risiti ya kila kuzungusha matairi, kila maili 5,000 hadi 7,500, kwa sababu dhamana bila risiti hizo ni karatasi tu.

Upepo ujazwe kulingana na kibandiko cha mlangoni, wala si namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo chake. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Farenhaiti, shinikizo hupungua takriban psi 1 (pauni moja kwa inchi mraba, kipimo cha upepo wa tairi). Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 65 likatolewa nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri litakuwa limepoteza psi 7, bila pancha yoyote. Imani kwamba tairi lenye upepo pungufu hushika theluji vizuri zaidi imetoka kwenye mchanga na haifai barabarani.

Matairi mapya huwa na utelezi kidogo juu yake kutokana na dawa ya kiwandani, kwa hiyo maili mia chache za mwanzo ziendeshwe kwa upole. Na theluji ya kwanza ikianguka, nenda Jumapili asubuhi kwenye maegesho matupu, mbali na nguzo za taa. Endesha maili 15 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu hadi uhisi kanyagio linatetemeka chini ya mguu, na uhesabu ni nafasi ngapi za kuegesha gari limezipita kabla ya kusimama. Rudia kwa maili 25. Idadi utakayoipata mara ya pili itakushangaza kuliko ya kwanza, na ndiyo nafasi utakayoiacha mbele yako kesho yake ukielekea kazini.